Sumaku za Jumamosi

Jumamosi, 9 Machi 1968, Kondele

Shajara hii nilipewa bure na muuza spea mjini, na tangu Januari mke wangu Maximilla amekuwa akiitumia kuwekea sufuria za moto. Leo nimeichukua. Kuna jambo katika gereji yangu silielewi, na siku nikiulizwa nataka niwe nimeandika palepale, kabla watu hawajanichanganya kichwa.

Mimi Waliaula ni fundi wa pikipiki kuukuu, zile za kabla ya vita zisizo na betri. Moto wa plagi unatoka kwenye magneto, na nguvu ya magneto ni sumaku moja iliyopindwa kama kwato. Miaka ikienda, sumaku inachoka. Unapiga kiki mpaka goti linalia, na plagi inatoa cheche nyekundu ya kinyonge. Mafundi wengine watakwambia ukanunue pikipiki nyingine. Mimi naivua sumaku, naiweka katikati ya koili mbili nilizozisuka mwenyewe kwa waya wa shaba, naunganisha betri za lori, nagusa waya mara moja tu, tra! Sumaku imeamka.

Jumamosi, siku ya soko, nikishaifunga huwaonyesha watu. Naivua tena mbele yao, naishusha juu ya nyundo, na nyundo inapanda hewani. Watu wa soko wanajaa mlangoni kutazama tu. Hakuna mwingine Kisumu anayefanya hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Wakoli, mnunuzi wa ng'ombe, mtu wa kwetu Kimilili, alichukua pikipiki yake Jumamosi iliyopita ikiwaka kwa kiki moja. Leo ameirudisha kwa kusukuma. Sumaku ni dhaifu kama sikuigusa. Mvua zimeanza, nikamwambia ni maji yameingia. Lakini nilipofungua, ndani kulikuwa kukavu.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi mwenzangu Oketch, Mjaluo wa Kendu Bay, leo kanifundisha kazi. Nilikuwa nimeshika sumaku ya Wakoli, akasema, "Mzee, ukitoa hii kitu bila kuwekea chuma hapa kwa miguu yake, nguvu inaisha. Kericho, penye nilijifunza kazi, tulikuwa tunafunga na chuma."

Nilimwambia kazi hii nilianza yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Alicheka kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Ni fundi mzuri, sikatai. Mwaka wa tatu huu tuko pamoja. Yeye ni Msabato, Jumamosi hagusi spana. Mimi ni wa kanisa la Marafiki, Jumapili sigusi. Basi yeye hufungua Jumapili, mimi hufungua Jumamosi, na gereji haifungwi kamwe. Tulipoelewana hivyo tulicheka sana. Leo nimeanza kujiuliza nani alitoa wazo hilo kwanza.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Barabara ya kwenda Kibos ni uji mtupu.

Jumamosi, 23 Machi

Zimerudi mbili. Moja ni ya katibu wa chama cha miwa, mtu wa Bungoma. Nyingine ni ya muuza vitunguu mmoja, naye ni wetu. Zote zilitoka hapa zikiwa zima, watu wameona nyundo ikipanda. Wakoli alikuwepo. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Waliaula, wewe huoni? Zinakufa za watu wetu tu. Uliwahi kuona Mjaluo akirudisha?"

Nikamwambia aache maneno ya aina hiyo. Halafu mchana wote nikawa nawahesabu wateja kichwani mwangu. Mwalimu Tom wa Maseno, Mjaluo, hajarudi. Muuza samaki mmoja wa Dunga, Mjaluo pia, hajarudi. Wakoli hakusema uongo.

Jumatatu, 25 Machi

Wajomba wa Oketch wametuma mzee mmoja nyumbani kwangu. Mvua zikipungua wanataka kuja kuzungumza habari za binti yangu Nelima.

Nelima anapiga chapa katika ofisi moja mjini na ana akili kuliko kaka zake wote. Maximilla aliposikia alipiga kigelegele cha chini kwa chini, akajifanya anakohoa. Mimi nilimpa mgeni chai na kumwambia waje mwezi wa sita. Mwezi mmoja nyuma ningefurahi. Sasa najiuliza mtu anayetaka binti yangu na anayeshika ufunguo wa gereji yangu kila Jumapili anataka nini hasa.

Jumanne, 2 Aprili

Oketch amebadilika. Zamani tulikula ugali sahani moja hapa kwenye benchi. Sasa anachukua chake anakwenda kukaa nyuma ya mapipa ya mafuta. Nikiingia yeye anasogea. Nikisema naye anatazama viatu vyake. Mtu asiye na kitu moyoni hatazami viatu hivyo, na viatu vyenyewe ni vya kawaida tu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimetega. Nilimwomba Nelima ile rangi yake ya kucha, akaniuliza ya nini, nikamwambia ya kazi. Jioni nilipofunga pikipiki mbili zinazosubiri wenyewe Jumatatu, nilitia tone la rangi juu ya kila skrubu ya magneto. Mtu akifungua, rangi itapasuka.

Jumatatu, 8 Aprili

Imepasuka.

Zote mbili. Nilisimama na bisibisi mkononi. Oketch alikuwa anafagia maji mlangoni. "Oyawore, Mzee," akanisalimia kwa Kijaluo chake, na macho yake yako kwenye ufagio. Nikamjibu kama siku zote. Sikutaka ajue kwamba najua. Mwalimu Tom alikuja kuchukua yake, ikawaka mara moja, akaondoka anapiga mluzi. Bila shaka ingewaka. Ni Mjaluo mwenzake.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua ya mawe. Bati la gereji limetoboka juu ya koili. Nimeweka karai.

Jumatatu ya Pasaka, 15 Aprili

Jambo la nyumbani. Jana baada ya kanisa nilitaka chai, thamosi haipo. Maximilla akasema labda iko kwa jirani. Nelima pia hakuwepo. Jioni thamosi imerudi mezani, imeoshwa, na Nelima anaimba. Sikuuliza. Mimi siku hizi siulizi, natazama.

Jumamosi, 27 Aprili

Wakoli amerudi mara ya tatu. Mara ya tatu! Alipayuka mbele ya watu kwamba nimezeeka, kwamba sumaku zangu ni za maonyesho, na kwamba yuko fundi mwingine karibu na stesheni. Wale wale waliokuwa wakipiga makofi walicheka. Nilichaji upya, nikaivua, nikainua nyundo mara mbili mfululizo ili wanyamaze. Walinyamaza. Wakoli alipanda akaondoka na pikipiki yake.

Kama jina hili likienda, sina lingine. Sina shamba la maana Kimilili, ndugu zangu wamekwisha gawana. Ninachojua ni kuamsha sumaku.

Jumamosi, 4 Mei

Mbili zimerudi. Za nani? Sina haja ya kuandika.

Jumapili, 12 Mei

Leo nitaandika mpaka wino ukatae.

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Maximilla tumbo linanisokota, nao walipotoka na Nelima nilikwenda kukaa katika hoteli ya chai inayotazamana na gereji. Wakoli alinikuta hapo, nilikuwa nimemwita awe shahidi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Oketch alifika, akafungua mlango, akavua koti, akalitundika. Alitazama pikipiki zangu mbili za jana. Kisha akachukua bisibisi, akapiga magoti kwenye ile ya kwanza, akaanza kufungua magneto.

Chai ilinipalia. Tulivuka barabara.

"Oketch, unafanya nini?"

Alishtuka, akasimama. "Aa, Mzee. Nilidhani uko kanisa."

"Nimekuuliza unafanya nini na kazi yangu."

"Naangalia tu kidogo."

"Unaangalia nini?" Wakoli akadakia. "Hiyo iliisha jana. Mimi mwenyewe niliona ikiinua nyundo."

"Iliinua," Oketch akasema polepole, anatazama sakafu. "Hiyo kuinua ndiyo iko na shida."

Hapo damu ilinipanda. Nilimwambia yote. Nilimwambia tangu Machi anaziua pikipiki za watu wetu na kuziacha za watu wake. Nilimwambia kwamba anataka Kondele nzima iseme Waliaula amezeeka, ili gereji ibaki mikononi mwake na binti yangu juu yake kama nyongeza. Nilimwita mwizi. Wenye vibanda walitoka kutazama, mvua au si mvua. Wakoli alikuwa anatikisa kichwa kama hakimu.

Oketch aligeuzageuza bisibisi mkononi. Nilitaka ajibu. Nilitaka aniambie uongo ili nimshike.

Nilipoishiwa pumzi akasema, "Mzee, wacha nifunge hii moja. Mwenyewe anakuja kesho asubuhi."

Ufidhuli gani huo! Nilisimama pale nikamtazama. Aliivua sumaku, akaibana katikati ya koili zangu. Alichukua kipande kifupi cha chuma, akakilaza kwenye miguu ya sumaku, akagusa waya, tra. Akaitoa na chuma chake bado kimeng'ang'ania, akairudisha kwenye magneto, na chuma kile akakisukuma kando pale tu sumaku ilipokuwa ikikaa mahali pake. Akafunga skrubu, akafuta mikono kwa kitambaa. Akaweka ufunguo wa gereji juu ya jiliwa, akachukua koti lake, akainamisha kichwa mbele yangu na kutoka. Kwa heshima yote hiyo ya kinafiki nilizidi kumchukia.

Jioni nilituma neno kwa wajomba zake. Mwezi wa sita wasije.

Jumatatu, 13 Mei

Nelima hasemi nami. Anaweka chakula mezani na kwenda chumbani. Maximilla ananiuliza, "Baba Nelima, una hakika?" Nimemwambia nina macho.

Nasikia Oketch yuko kwa dada yake Seline, Migosi.

Jumamosi, 18 Mei

Siku nzuri. Gereji imejaa. Niliinua nyundo kwa ajili ya kila mtu aliyetaka, na hata kwa ajili ya mama mmoja wa mboga ambaye hana pikipiki. Nilijisikia mwepesi. Sasa tutaona kama kuna itakayorudi.

Jumatatu, 20 Mei

Mwalimu Tom amechukua yake, aliyoileta kukaguliwa tu. Ilikohoa kidogo kabla ya kuwaka. Nikamwambia ni plagi.

Alhamisi, 23 Mei

Mwalimu Tom ameletwa na lori la mkaa, na pikipiki imelala juu ya magunia.

"Mzee, mwaka mzima hii kitu haijanisumbua," akasema. "Leo imezima kwa mlima, ikakataa kabisa. Watoto wa shule wamenisukuma mpaka wakachoka. Kwani umefanya nini tofauti?"

Sikufanya lolote tofauti. Nilifungua, sumaku haikuweza kushika hata spana ndogo.

Nimefikiri sana. Oketch lazima ana ufunguo wa pili. Nimenunua kufuli mpya.

Jumatatu, 27 Mei

Yule wa samaki wa Dunga naye. Pia mhubiri mmoja wa Ahero ambaye ni Mjaluo mtupu. Kufuli mpya haijaguswa. Rangi ya kucha haijapasuka hata tone. Mvua hakuna, jua linawaka tangu Ijumaa. Nilikaa juu ya debe nikatafuta mtu wa kumshuku, sikumpata. Sijawahi kuogopa hivyo katika gereji yangu mwenyewe.

Jumatano, 29 Mei

Nelima alikuja gereji akitoka kazini, bado na viatu vyake vya ofisi. Maneno ya kwanza baada ya majuma mawili yalikuwa, "Baba, chaji sumaku moja."

Nilitaka kumwuliza anajua nini kuhusu sumaku. Uso wake ulinizuia. Nikachaji ile ya mwalimu Tom.

"Inua nyundo."

Nikainua. Ilipanda vizuri. Nikaing'oa, kama kawaida.

"Tena."

Ikapanda. Nikaing'oa.

"Tena, Baba. Si ndivyo unavyofanya Jumamosi?"

Mara hiyo nyundo ilining'inia kwa ncha, ikayumba. Mara iliyofuata iliinuka kidogo tu juu ya benchi na kuanguka, ikanigonga mguu. Sikuhisi maumivu. Nilikuwa natazama sumaku mkononi mwangu.

"Sasa chaji tena," akasema. Kutoka kwenye mkoba wake wa ofisi alitoa kipande kifupi cha chuma. Nilikitambua. Alikilaza kwenye miguu ya sumaku kabla sijaitoa kwenye koili, akaniambia niirudishe ndani bila kukiondoa mpaka ikae mahali pake. Tulifunga. Alipiga kiki yeye mwenyewe na viatu vile vya ofisi, na pikipiki ya mwalimu ikanguruma mpaka bati likatetemeka.

Alizima. Ndipo akalia, na katikati ya kulia akaniambia.

Kila Jumapili, mimi nikiwa kanisani, Oketch alizichaji upya sumaku nilizozionyesha Jumamosi. Zile zilizobaki mpaka Jumatatu zilipona. Zile zilizochukuliwa Jumamosi ileile hakuweza kuzifikia. Na nani huchukua Jumamosi? Watu wetu, wanaokuja kwa soko na kurudi Bungoma na Kimilili siku hiyohiyo. Wajaluo wanakaa hapa karibu, wanakuja Jumatatu bila haraka. Hakukuwa na kabila ndani yake hata chembe. Thamosi ilikuwa ikienda kwake, na yeye Nelima alikaa juu ya debe hili hili akimwangalia akirekebisha majivuno yangu.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza. Hata sauti yangu niliiona ya kipumbavu.

"Alikuambia. Mwezi wa tatu. Ukamwambia alikuwa mgongoni kwa mama yake. Halafu wajomba wakatuma salamu kwetu. Baada ya hapo angekwambiaje, Baba? Ulikuwa umeshakuwa baba mkwe. Kwao mtu hamsahihishi mkwewe. Hali naye, hamtazami usoni. Mimi nilitaka kukwambia, akanikataza. Akasema mzee akiaibika kwa sababu yake, hata hiyo ndoa haina maana."

Viatu. Mapipa ya mafuta. Ufagio. Hata kwetu mkwe hali mbele ya mkwe. Nimekua nikiliona hilo, nimelifanya mwenyewe kwa baba yake Maximilla, na miezi yote hii halikunijia. Sikutaka lije.

Jumamosi, 1 Juni

Nimefunga gereji. Nilibandika kipande cha boksi mlangoni, nikaandika HAKUNA KAZI LEO. Wakoli alinipigia kelele kutoka upande wa pili, nikajifanya kiziwi.

Nilivaa suti, nikatembea mpaka kanisa la Wasabato. Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Wimbo sikuujua, nikawa nafungua mdomo tu. Oketch alikuwa mbele na dada yake. Alipogeuka na kuniona alipoteza mstari wa wimbo.

Nje, chini ya paa la kanisa, alinijia kofia mkononi. "Mzee," akasema, "leo ni Jumamosi."

"Najua."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilimwambia nimemkosea, kwamba nilimwita mwizi mbele ya watu na yeye ndiye alikuwa akinisitiri. Niliyasema mbele ya Seline na wazee wawili wa kanisa, kwa sauti, kwa kuwa tusi nalo lilikuwa la sauti. Nikamwomba wajomba zake waje kama tulivyopanga. Na ufunguo wa gereji nikamnyooshea.

Alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Wajomba watakuja," akasema. "Nelima namtaka, hiyo haijabadilika. Lakini ufunguo hapana, Mzee. Kwako nitakuja kama mgeni. Nitakaa penye nimewekwa. Spana sitashika tena hapo."

Nilirudi na ufunguo mfukoni. Nimepata mkwe na nimempoteza fundi mwenzangu, na wote wawili ni mtu mmoja.

Jumamosi, 8 Juni

Watu walijaa mlangoni kutaka nyundo. Nikawaambia maonyesho yamekwisha, aliye na shida na pikipiki aingie, asiye nayo aende sokoni. Wakoli alinuna. Nimemchajia, nikafunga bila kufungua tena. Ameondoka akilalamika, pikipiki inawaka.

Jumapili, 16 Juni

Wamekuja. Wajomba wanne na shangazi mmoja mwenye maneno, wakiongozwa na mjomba mkubwa juu ya pikipiki ya mwaka wa thelathini na kitu. Maximilla alichinja kuku zaidi ya tuliokuwa nao, sijui wengine aliwatoa wapi. Oketch alikaa kwenye kiti karibu na mlango, macho chini, hakugusa chakula mbele yangu. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Nelima aliitwa, akaulizwa, akajibu kwa sauti ambayo hata jirani alisikia.

Wakati wa kuondoka, pikipiki ya mjomba ilikataa. Alipiga kiki, akapiga, suti yake ikalowa jasho. Cheche nyekundu ya kinyonge, niliijua kwa sauti tu. Nyumba yetu iko nyuma ya gereji, wote wakanigeukia. Mjomba akacheka, "Bwana Waliaula, nimesikia sumaku yako inainua nyundo. Leo tuone!"

"Hiyo tuliacha," nikamwambia.

Ilikuwa Jumapili. Sijawahi kushika spana Jumapili tangu niingie kanisa la Marafiki. Maximilla alinitazama. Nikavua koti, nikamshikisha, nikaisukuma pikipiki mpaka gereji na wageni wote nyuma yangu. Nilipiga magoti kwenye matope na suruali ya suti. Nikafungua magneto, nikaunganisha betri. Sumaku ilikuwa tayari kwenye koili, nimegusa waya, tra, na ndipo nikakumbuka kwamba kipande cha chuma Nelima alikiacha ndani ya nyumba. Sikuweza kuitoa sumaku bila hicho. Nilibaki hapo nimeishikilia, nikanyoosha mkono mwingine nyuma bila kugeuka, nikijiandaa kumwita Nelima.

Kitu baridi kikawekwa kwenye kiganja changu. Kipande cha chuma, kipya, kimekatwa vizuri na kupigwa tupa pembeni.

Niligeuka. Oketch alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi, anatazama upande wa barabara kama mtu asiyehusika. Nilikilaza chuma kwenye miguu ya sumaku, nikaitoa, nikafunga. Mjomba aliwasha kwa kiki ya pili.